Mzee Shitanda na Maoni ya Gizani

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama una sufuria jikoni, punguza moto. Leo namkumbuka mtu, na sitaki mnisikie nusu nusu.

Mzee Joram Shitanda ametutoka. Alifariki Alhamisi iliyopita asubuhi, nyumbani kwake Nyamasaria, akiwa na miaka sitini na miwili. Narudia kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: ni Mzee Joram Shitanda, yule wa video, yule wa nyuma ya mashine ya kusaga unga. Ndiye tunayemkumbuka saa hii.

Nilikwenda kwa mjane wake, Mama Maximilla Nabwire, kumwomba ruhusa ya kipindi hiki. Nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya msiba vizuri, yale ya mzee mpole, mpenda watu, mcha Mungu. Mama Maximilla akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Gordon, wewe ulikuwa pale. Usikuje hapa na maneno ya kadi. Sema ile kitu ilifanyika. Sema yote, hata yako."

Basi nitasema yote, hata yangu. Mimi ni Gordon Ogola, mtangazaji wenu. Mwaka wa themanini na saba sikuwa mtangazaji. Nilikuwa karani wa stoo, nakaa chumba kimoja Nyamasaria, na kila Jumapili nilikuwa kwenye benchi la tatu la video ya Mzee Shitanda.

Mzee alizaliwa upande wa Butere. Alikuja Kisumu akiwa kijana, akapata kazi ya gari la sinema. Wazee wanalikumbuka. Lilikuwa likisimama sokoni, kitambaa cheupe kinafungwa, watu wanaonyeshwa filamu za sabuni, za mbolea, za kuosha mikono. Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo Shitanda alishika maikrofoni akazifasiri. Lakini hakufasiri kama mwalimu. Aliigiza. Alikuwa mzee, alikuwa mtoto, alikuwa daktari, alikuwa ng'ombe. Na zaidi ya yote alikuwa mwanamke. Kila mwanamke kwenye filamu zake alimpa jina moja, Dorca. Dorca anafua. Dorca anagombana na bwana yake. Dorca amekataa kwenda kliniki.

Mama Maximilla alimpata hivyo. "Nilimsikia kabla nimwone," ananiambia. "Ilikuwa Muhoroni. Nikasema, huyo mama ndani ya gari anajua kugombana! Nikazunguka gari nimsalimie. Nikakuta ni mwanaume, kifua kubwa namna hii, jasho inamtoka, anaongea kama mama wa watoto sita. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Huyo ndiye nikaolewa naye."

Gari la sinema lilipoacha kazi, Mzee Shitanda alinunua deki ya video na televisheni. Hiyo ni themanini na nne. Akajenga banda la mabati Nyamasaria, nyuma ya mashine ya unga, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa karatasi nyeusi. Jenereta ilikaa nje, inanguruma. Ndani, filamu ni ya Wachina au Wahindi, na Shitanda amesimama kando ya skrini, anawazungumzia wote. Kiswahili, na Kijaluo kidogo pale utamu unapozidi.

Sasa sikilizeni desturi yake, maana mambo yote yalianzia hapo.

Filamu ikiisha, Mzee alizima jenereta kuokoa petroli. Karatasi nyeusi zilibaki madirishani. Mlango ulibaki umefungwa. Giza tupu, mchana wa saa tisa. Halafu alisema, "Haya, maoni." Mtu akatoa maoni yake gizani, bila kusimama, bila kutaja jina. Mzee alisema mtu akionekana uso anasema ya kufurahisha jirani, asipoonekana anasema ya rohoni. Yeye alikaa mbele na tochi ndogo, anaandika kwenye kaunta buku, daftari lake kubwa. Na hakuuliza ni nani amesema. Sauti alizijua. Aliandika jina lako na maneno yako, na Jumapili iliyofuata alikusomea: "Bwana Gordon alisema filamu ya juzi ni ya watoto wa nasari." Kwa kitabu hicho alijua kaseti gani atafute mjini na ipi arudishe.

Na ubishi wetu ulikuwa mmoja tu: stering ni nani? Vijana wa siku hizi, stering ni yule wa mbele, yule filamu ni yake. Stering anapigwa, anatupwa mtoni, anaungua, lakini hafi. Siku moja stering alikufa kabla ya mwisho, na watu karibu wavunje banda. Tulibishana mpaka koo zinakauka. Ilikuwa raha, wasikilizaji. Miaka mitatu ilikuwa raha.

Halafu ikaja Machi ya themanini na saba.

Mwanzo wa mwezi huo, pale Otonglo kwenye barabara ya Busia, mtu alipigwa risasi na polisi. Aliitwa Opiyo. Ilitangazwa kwamba alikuwa jambazi sugu, kwamba alikuwa na bunduki, kwamba alikataa kujisalimisha. Nasema tena: ilitangazwa kwamba alikuwa na bunduki. Mkewe, Aoko, alizika mwili na minong'ono juu yake. Sokoni watu walimwachia nafasi kwenye benchi, si kwa heshima.

Opiyo alikuwa fundi wa baiskeli. Mimi nilimjua. Baiskeli yangu mwenyewe aliitengeneza breki mara mbili.

Sikusema kitu. Enzi zile mtu aliangalia nyuma yake kabla ya kutaja jina la mkubwa. Kituo kilichohusika sitakitaja, na wengi wa maofisa wale hawako tena. Lakini woga ule uliujua mwenyewe kama uliishi miaka ile. Uliamka nao, ukala nao.

Wiki tatu baada ya Opiyo kuzikwa, Mzee Shitanda alileta kaseti mpya. Haikuwa na jina, karatasi yake ilikuwa imebanduka. Alijua tu kwamba ni ya polisi na wezi. Hakuwa ameitazama. Hilo ni kosa lake la kwanza, na alilikubali mpaka anakufa.

Banda lilijaa. Jumapili, watu wametoka kanisani, mabenchi yanalia kwa uzito. Filamu ikaanza vizuri. Wezi wanavunja benki, inspekta anawafukuza, magari yanapinduka. Shitanda yuko moto. Sisi tunapiga makofi. Inspekta ndiye stering, hakuna ubishi.

Halafu mwizi wa mwisho akabanwa kwenye ghala. Akatupa silaha chini. Akainua mikono. Inspekta akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Hakuna mtu. Akampiga risasi.

Kisha akachukua ile silaha, akamwekea mkononi.

Shitanda alinyamaza. Mara ya kwanza tangu tumjue, filamu ilikwenda na yeye amenyamaza. Mwishoni inspekta anavishwa nishani, wakubwa wanampigia saluti. Mwisho.

Mzee alikwenda nje, akazima jenereta. Akarudi. Nadhani angeweza kusema nendeni nyumbani. Nadhani alitaka. Lakini desturi ni desturi, na watu walikuwa wamekaa tu, wanangoja. Akasema, kwa sauti ndogo, "Haya, maoni."

Mtu akakohoa. Mtu akasema picha ilikuwa safi. Mwingine akasema inspekta ni stering, na stering hakosei. Mwingine akamjibu, "Stering gani anaua mtu ameinua mikono?" Na hapo nikasikia banda lote linavuta pumzi.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Maximilla alisema niseme hata yangu. Hii hapa. Mimi nilifungua mdomo wangu gizani, bila kuulizwa, nikasema hivi: "Polisi alifanya kazi yake. Mwizi ni mwizi."

Sikuamini hata neno moja. Nilimjua Opiyo. Nilisema kwa sababu niliogopa, na kwa sababu nilihisi kuna sikio la mtu mle ndani. Nilikuwa na haki ya kunyamaza, na hata hiyo sikuitumia.

Baada yangu ikatoka sauti ya mwanamke, nyuma, karibu na mlango. Sauti nzito kidogo, ya polepole. Ilisema, "Hata yule wa Otonglo aliinua mikono. Mimi niliona."

Basi. Hakuongeza. Tuliisikia kalamu ya Mzee Shitanda ikianza kuandika, halafu ikasimama. Lakini ilikuwa imeshaandika jina, maana mkono wake ulikuwa umezoea: sauti ikisema, jina linaandikwa.

Jina lilikuwa Perez. Perez alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, Otonglo siku za kazi, na Jumapili alimletea Mama Maximilla na wateja wengine wa Nyamasaria. Mzee alimruhusu kuingia video bure. Watu wa huku hawakuijua sauti yake, yeye ni wa upande ule mwingine wa mji. Mle ndani ni Shitanda peke yake aliyeijua. Shitanda, na lile kaunta buku.

Mlango ulipofunguliwa tulitoka bila kuangaliana.

Jumatatu saa nne asubuhi, Koplo Wakhisi alifika kwa Mzee Shitanda. Huyu Wakhisi alikuwa polisi kweli, mtu wa kwao Mzee, na mpenzi wa filamu za Kihindi. Alivaa nguo za nyumbani. Yuko hai, amestaafu, na wiki hii alikubali kunieleza. Anasema alimkuta Mzee anafagia banda.

"Nilimwambia, Mzee, wakubwa wanaitaka hiyo kitabu yako," anasema Wakhisi. "Kuna mtu aliwapelekea maneno. Wanajua kuna mama alisema aliona ya Otonglo. Hawajui ni nani, ilikuwa giza. Lakini wanajua wewe unaandika. Watakuja baada ya chakula. Mimi sijakuja hapa. Hujaniona."

Mzee akamwuliza, "Wakipata huyo mama, watamfanya nini?"

Wakhisi anasema alipanda baiskeli yake akaenda.

Fikirieni hapo, wasikilizaji. Saa nne. Wanakuja saa nane. Akichoma kitabu, watajua amekichoma, na watamkamata kila aliyekaa kwenye benchi, wapigwe mmoja mmoja mpaka mtu aseme wale akina mama walioingia ni kina nani. Akikitoa kilivyo, Perez amekwisha. Perez alikuwa mjane mwenye watoto wanne.

Mama Maximilla anakumbuka alivyoingia ndani na kitabu. "Alifunga mlango. Akaniambia, leta kalamu ile ile. Akakata ile karatasi ya Jumapili kwa wembe, polepole, kama mtu anapasua samaki. Akaandika upya kwa karatasi ingine. Maneno yote vile yalikuwa. Mimi nikachukua ile ya kwanza nikaweka kwa jiko. Nikaona inaisha."

Aliyaandika yote kama yalivyokuwa. Jina moja tu lilibadilika. Wale watu walijua kuna mwanamke, kwa hiyo mwanamke lazima awepo. Mzee akatafuta jina la mtu ambaye hayupo. Na mkono wake ukaandika lile ulilolizoea miaka na miaka. Akaandika: Dorca, wa Muhoroni. Alijiambia kwamba Muhoroni watu wanakuja na kuondoka na msimu wa miwa, watatafuta wachoke.

Saa nane na robo walifika. Walikuwa wanne. Walichukua kitabu, wakachukua na kaseti. Mkubwa wao alikisoma pale pale amesimama. Koplo Wakhisi alikuwa mmoja wa wanne hao, sasa amevaa sare, na anasema mkubwa alifika kwenye jina langu akatabasamu. Akasema, "Huyu Gordon ni raia mwema."

Wakhisi aliniambia hilo juzi. Miaka kumi na moja alikuwa amelificha. Nilitoka nje ya nyumba yake bila kuaga.

Jumanne kukawa kimya. Jumatano Mzee akaanza kula tena. Jumatano hiyo hiyo jioni, dereva wa trekta ya miwa alisimama kwenye mashine ya unga akasema kuna vituko Muhoroni. Polisi wamebeba mama anayeuza chai pale trekta zinapopanga foleni. Wamembeba na mtoto wa kunyonya. Mama mwenyewe hajui kosa lake.

Mtu akauliza anaitwa nani.

Dereva akasema, "Si ni Dorca. Dorca wa chai."

Mnaona jambo lilivyo, wasikilizaji? Mtu alitunga jina kumwokoa mtu, na jina likaenda likapata mwenyewe.

Mama Maximilla anasema mumewe alikaa kitandani na viatu. Alimwambia, "Nimeuza mtoto wa watu." Maximilla akamwambia angoje, labda watamwachilia wenyewe, hana analolijua. Mzee akasema, "Asiyejua kitu ndiye anapigwa sana." Asubuhi ya Alhamisi alivaa koti lake la kanisani, akaenda kituoni kwa miguu. Mke alimfuata mpaka barabarani. Hakumshika. Ananiambia mpaka leo hajui kama alipaswa kumshika.

Kilichotokea mle ndani nakipokea kutoka kwa Koplo Wakhisi, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Dorca alikuwa amekaa sakafuni, mtoto kifuani. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Mzee Shitanda alimwona, akafumba macho kidogo, halafu akamwambia mkubwa, "Afande, nimekuja kwa sababu ya huyu mama. Sio yeye. Simjui na yeye hanijui. Hilo jina nilitunga."

"Kwa hivyo ni nani alisema?"

"Ni mimi."

Walicheka. Mkubwa akasema, "Mzee, mtu wetu alisikia mwanamke."

"Alinisikia mimi. Kazi yangu ni hiyo. Mwite."

Wakamwita yule mpasha habari, jamaa ambaye jina lake naliacha, ana watoto wanaosoma. Mzee Shitanda akaomba kitu kimoja. Jamaa ageuke ukutani. Ajifunike macho, kama tulivyokuwa gizani. Jamaa akageuka.

Wakhisi anasema, "Mimi nilikuwa naangalia mdomo yake, Gordon. Nilikuwa naangalia mdomo ya mwanaume. Na kwa hiyo mdomo ikatoka sauti ya mama mtu mzima, nzito, ya polepole. Hata yule wa Otonglo aliinua mikono. Mimi niliona. Nywele ikanisimama. Hata mtoto ya Dorca akainua kichwa, anatafuta nani ameongea."

Jamaa akageuka kutoka ukutani, amekauka midomo. Akasema, "Ni hiyo, afande. Ndiyo hiyo."

Mkubwa hakucheka tena. Akamsogelea Mzee. "Kwa hivyo wewe ndiye uliona ya Otonglo."

Sasa hapa, wasikilizaji, mniwie radhi nikienda polepole. Hapa ndipo Mzee Shitanda alipolipa kitu ambacho hakuna aliyekihesabu.

Kama angesema ndiyo, niliona, wangejua kuna shahidi, wangeanza kuchimba, na siku hiyo Otonglo watu wengi walijua Shitanda hakuwepo. Wangemfikia Perez. Ili Perez awe salama, ilibidi shahidi asiwepo kabisa. Kwa hiyo Mzee akasema, "Sikuona kitu, afande. Nilikuwa Nyamasaria. Ni mzaha tu. Filamu ilikuwa imenibana, nikataka watu wachangamke. Nilitunga."

Maneno ya kweli ya Perez, Mzee aliyaita mzaha. Akatia sahihi kwenye karatasi yao.

Dorca aliachiliwa mchana huo. Koplo Wakhisi mwenyewe alimpeleka mpaka kwenye stendi. Mzee Shitanda alibaki. Alishtakiwa kwa kuonyesha filamu bila kibali na kwa maneno ya uchochezi. Alifungwa miezi kumi na minane. Nasema tena: miezi kumi na minane. Deki ilichukuliwa, televisheni ilichukuliwa, banda likang'olewa mabati. Alirudi mwaka wa themanini na nane mwishoni, meno manne ya mbele hana. Sauti ya Dorca wa sinema haikutoka tena, ilitoka upepo. Akawa mlinzi wa stoo ya sukari, na miaka iliyobaki ya maisha yake mlimpita pale getini bila kumjua.

Lakini jela haikuwa kubwa kwake. Kubwa ilikuwa Aoko.

Maana habari ilienea, kama zinavyoenea. Watu wakasema yale maneno ya Otonglo yalikuwa kuigiza tu, Shitanda wa video alikuwa anachekesha. Aoko alikuwa ameyasikia yale maneno ya kwanza. Mtu alikuwa amemletea: kuna mama aliona, mume wako aliinua mikono. Siku nne Aoko aliishi na hilo. Alilala vizuri siku nne. Halafu akaambiwa ni mzaha.

Mwaka wa tisini, sokoni Otonglo, Aoko alikutana na Mzee Shitanda. Mama Maximilla alikuwepo. Aoko alimwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye uligeuza kifo ya bwana yangu ikawa sinema. Mungu akuone." Mzee alivua kofia. Angeweza kumvuta kando akamnong'oneza jina moja tu. Na Perez alikuwa hapo hapo sokoni, hatua kumi, nyuma ya omena yake, anasikia.

"Alirudi nyumbani, hakula siku mbili," anasema Mama Maximilla. "Nikamwambia, mwambie huyo mama ukweli. Akasema, nikimwambia atafurahi, akifurahi atasema, akisema watarudi. Acha anichukie. Kunichukia hakuui mtu."

Perez alimfuata mara mbili nyumbani akilia, anataka kusema. Mzee alimkatalia mara mbili. Alimwambia watoto wake wakue kwanza.

Mwezi uliopita alipozidiwa, alimwambia mkewe maneno haya: "Mwambie Perez sasa ni juu yake." Hakuwa mtu wa kulazimisha.

Wasikilizaji wapendwa, Perez yuko hapa studioni. Nilimwambia tunaweza kutotaja jina. Alikataa. Nilimwambia tunaweza kuzima kidogo maikrofoni apumzike. Alikataa na hiyo. Sauti mtakayoisikia ni yake mwenyewe, si ya mtu mwingine.

"Mimi ni Perez. Nauza omena Otonglo, meza ya pili ukitoka barabarani. Mwaka ule, mwezi wa tatu, nilikuwa kwa meza yangu. Opiyo alikuwa anatengeneza baiskeli ya mwalimu. Gari ikasimama. Wakamwita. Alikuwa ameshika pampu ya baiskeli. Hiyo ndiyo bunduki walisema. Akaiweka chini. Akainua mikono, mbili. Akapigwa. Mimi nilikuwa karibu kama kutoka hapa mpaka kwa hiyo mlango. Nilinyamaza, halafu nikasema mara moja kwa giza, halafu mzee wa watu akafungwa kwa maneno yangu, nikanyamaza tena. Jumanne nimeenda kwa Aoko, na Mama Maximilla. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote. Hakunitukana. Alilia kwa ajili ya Mzee Shitanda kwanza, Nyasaye, Mungu wangu, alilia. Halafu akaniuliza swali moja tu. Akaniuliza, bwana yangu alisema nini? Miaka hii yote hakuna mtu alimwambia. Nikamwambia. Alisema, 'Afande, mimi ni fundi wa baiskeli. Uliza mtu yeyote hapa.' Hakuna mtu aliulizwa."

Asante, Mama Perez. Kaa hapo. Kunywa maji.

Sasa, wasikilizaji, salamu za pole.

Kwa Mama Maximilla Nabwire na watoto, poleni sana. Mmemzika mtu huyu kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja, na Jumamosi hii mtamzika mara ya mwisho. Mungu awape nguvu. Kwa Dorca, popote ulipo Muhoroni, familia imeniomba nikuombe radhi kwa jina la Mzee. Kwa Mama Aoko, pole, mama. Mume wako alikuwa fundi. Umekubali kukaa na familia siku ya mazishi, na sisi tunakushukuru.

Na nyinyi wengine wote mnaonisikiliza, nawaomba mzime kila kitu dakika moja baada ya kipindi hiki na mfikirie. Opiyo alisema ulizeni mtu yeyote. Soko lilikuwa limejaa watu. Banda la video lilikuwa limejaa watu. Mimi breki zangu zilitengenezwa na mikono ile iliyoinuliwa, na maoni yangu yaliandikwa: polisi alifanya kazi yake. Jina langu ni Gordon Ogola. Nilimjua Opiyo. Alikuwa fundi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikungoja kuulizwa, nilikimbilia kudanganya.

Wewe ulikuwa wapi?